Wanangu Wanataka Lenzi ya Bei, Daktari Anasema ya Kawaida

BARUA

Sista, salamu nyingi kutoka Kisumu.

Mimi ni fundi wa nguo, nina miaka 61. Nimeshona sare za shule tangu mwaka wa 1988, mwanzo kwenye veranda ya duka la mtu, sasa nina kibanda changu karibu na soko la Kibuye. Watoto wangu wanne wamesomeshwa na cherehani. Nina ugonjwa wa sukari, huu ni mwaka wa kumi na moja. Natumia tembe, sijafika kwa sindano.

Miaka mitatu iliyopita lilinitokea jambo nililoliita muujiza. Nilikuwa navaa miwani ya kusomea kama wenzangu wa rika langu. Asubuhi moja nikajikuta natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nikaitia kwenye droo, nikamshukuru Mungu, hata kanisani nikasimama nikatoa ushuhuda. Lakini mbali kukaanza kuingia ukungu. Mwaka jana ukungu ukafika hadi mikononi. Jua la mchana likiwa kali simtambui mtu mpaka anisalimie. Usiku taa za boda boda zinanitawanyikia kama zimepakwa mafuta. Januari hii, shule zikifunguliwa, mama mmoja alinirudishia sketi tatu nyeusi. Nilikuwa nimepiga pindo kwa uzi wa bluu. Nilizipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikaapa kwamba uzi ni mweusi. Msichana ninayemfundisha kazi ndiye aliyeniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ni bluu." Sista, sijawahi kuaibika hivyo mbele ya mteja.

Nilienda hospitali nikaambiwa nina mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia limezidi. Daktari akasema atanifanyia upasuaji na kuniwekea lenzi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwanangu wa kwanza yuko Marekani. Akasema nisikubali lenzi ya kawaida, kwamba kuna lenzi ya masafa mengi, mtu anaona mbali, katikati na karibu, na miwani anaitupa. Akafungua kikundi cha familia kwenye simu, wenzake wameshaanza kuchanga, na kitinda mimba wangu anataka kuuza ng'ombe wake wawili. Nikarudi kwa daktari nikamweleza. Akanisikiliza, akafungua faili, akasema, "Mama, kwako wewe ningeweka ya kawaida." Foleni ilikuwa ndefu nje, hakueleza zaidi, na mimi niliona haya kuuliza.

Sasa nyumbani wanasema daktari aliangalia nguo zangu akaamua mimi ni mtu wa lenzi ya maskini. Binti yangu anataka twende Nairobi kwa mwingine. Mimi nataka kitu kimoja tu, nione uzi wangu. Nishike lipi? Na nikikataa lenzi hiyo ya bei, nitamwambiaje mwanangu nisimvunje moyo?

Mama Fundi, Kisumu

JIBU

Mama Fundi, pole kwa yote, hasa kwa siku ile ya sketi. Nianzie hapo, maana sketi hizo zinaeleza mengi ambayo daktari hakupata nafasi ya kukwambia.

Lenzi uliyozaliwa nayo ilikuwa safi kama maji. Miaka ikienda inageuka manjano, na huyu mtoto wa jicho anayeanzia kwenye kiini cha lenzi huifanya kahawia kama chai ya rangi. Rangi hiyo huzuia mwanga wa bluu kuliko mwingine. Kwa hiyo uzi wa bluu iliyoiva ukilala juu ya kitambaa cheusi, bluu yake haikufikii. Unachoona ni giza juu ya giza. Hukuwa mzembe, Mama. Ungezianika sketi zile kwenye jua la saa sita, bado ungeapa. Nimefanya kazi miaka 27 kwenye kliniki za macho, na neno nililolisikia sana siku bandeji inapofunguliwa si "naona mbali". Ni "kumbe hii ni bluu!"

Na ule muujiza wako, ni huyo huyo mtoto wa jicho. Kiini cha lenzi kikizidi kuwa kigumu kinapinda mwanga zaidi, jicho linakuwa la mtu asiyeona mbali, na karibu kunajiweka sawa bila miwani. Hali hiyo hudumu kwa muda, kisha ukungu unafunika kote. Usijutie ushuhuda wako kanisani. Ila weka jambo hilo akilini, nitalirudia chini, kwa sababu limekupa ujuzi ambao wagonjwa wengi huingia chumba cha upasuaji bila kuwa nao.

Sasa hiyo inayoitwa lenzi ya maskini. Ya kwanza kabisa iliwekwa na daktari Mwingereza, Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, tarehe 29 Novemba 1949. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa amewatibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege, akaona macho yao hayavikatai vipande hivyo. Kabla yake mtu alitolewa lenzi akabaki hana kitu ndani, anavaa miwani minene kama kitako cha chupa. Wazee wa rika la mama yangu wanaikumbuka. Lenzi ya kawaida ya leo imetoka kwenye ukoo huo. Inakusanya mwanga wote na kuupeleka mahali pamoja, hivyo umbali mmoja unauona kwa ukali wote na ule mwingine unauona kwa miwani. Ndiyo wanayowekewa watu wengi zaidi, hata huko Marekani aliko mwanao.

Lenzi ya masafa mengi imechongwa miduara midogo sana, mmoja ndani ya mwingine, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Kazi ya miduara hiyo ni kugawa mwanga. Zile za zamani za masafa mawili zilipeleka kama asilimia 40 mbali, nyingine kama 40 karibu, na iliyobaki ikatawanyika bila kazi. Mpya zina masafa matatu na zimepunguza upotevu, lakini mwanga wenyewe haujaongezeka. Wewe ni fundi. Ukipewa kitambaa cha gauni moja ukaambiwa utoe magauni matatu, unajua yatakavyokuwa.

Mtu anayesoma herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe huenda asihisi upungufu huo. Herufi na karatasi zimeachana mbali. Anayeuhisi ni mtu anayetafuta kitu kilicho karibu kufanana na kinachokizunguka. Mama, kazi yako ni uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, uzi wa kijani kibichi juu ya sweta ya kijani kibichi, mshono wa kufumuliwa ambao hata kidole hakiuhisi vizuri. Kadi zetu za kupimia kusoma ni nyeusi kwa nyeupe. Sijaona kliniki inayompima mtu kwa uzi mweusi na sketi ya shule, na ninafikiri ingefaa iwepo.

Lakini hiyo si sababu kubwa. Sababu kubwa, ninavyoelewa, daktari aliisoma kwenye faili, nayo ni sukari. Nyuma ya jicho kuna retina, ngozi laini inayopokea picha, na katikati yake kuna doa dogo linaloitwa makula. Hilo ndilo linalosoma na kutunga uzi. Sukari hudhoofisha mishipa midogo ya hapo, ikaanza kuvuja, na makula ikavimba. Upasuaji wa mtoto wa jicho wenyewe unaweza kuuchochea uvimbe huo. Pengine retina yako leo ni nzima, sijaiona. Lakini lenzi inawekwa ikae hadi mwisho wa maisha yako, na sukari nayo haitoki. Retina ikidhoofika huku lenzi inailetea mwanga uliogawanywa, utakuwa umepunjwa mara mbili. Na ikitokea siku moja daktari anahitaji kutibu huko nyuma, miduara ile inaweza kumtia ukungu anapochungulia kupitia hapo.

Ndiyo maana alisema "kwako wewe". Wanao wamesikia "kwa mtu kama wewe", na hayo ni maneno mengine kabisa. Hata hivyo, angekueleza. Nimekaa upande ule wa meza, naijua foleni ya Jumatatu, lakini mgonjwa akitoka bila sababu mkononi, nyumbani watamtafutia sababu, na watakayoipata ni ya kuumiza.

Niseme na upande wa pili, maana sitaki mtu asome hapa akadhani lenzi hizi ni mbaya. Jirani yangu Nakuru, mwalimu mstaafu, anazo macho yote mawili. Hana sukari, hana presha ya macho, retina yake ilipigwa picha ikaonekana safi, na usiku haendeshi gari. Asubuhi anasoma gazeti uani, anajibu ujumbe kwenye simu, anamwona mjukuu akija kutoka getini, yote bila miwani. Anaivaa tu kwa maandishi madogo ya chupa za dawa. Kwake pesa ilienda mahali pake.

Mjomba wangu ni kisa kingine. Alikuwa dereva wa lori, Nakuru hadi Malaba, na safari zake zilikuwa za usiku. Aliwekewa lenzi za masafa mengi katika hospitali moja ya binafsi. Macho yake yalikuwa mazima, upasuaji ulienda vizuri, na kwenye ubao wa herufi alisoma hadi mstari wa chini. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Safari ya kwanza, akiteremka Salgaa saa nne za usiku, malori yanapanda kumkabili, kila taa imevaa pete mbili tatu za mwanga. Aliegesha pembeni, akampigia simu mwenye gari, akarudi nyumbani kwa matatu. Wengi wakipata pete hizo huzizoea baada ya miezi michache, ubongo unajifunza kuzipuuza. Yeye hakuzizoea. Alitaka zitolewe, akaelezwa kwamba lenzi ikishakaa muda inashikana na kile kifuko chembamba kinachoishikilia ndani ya jicho, na kuibadilisha ni kazi ya hatari kuliko ya kwanza. Sasa anaendesha mchana tu, na mshahara wa mchana si ule. Nikimkumbuka bado moyo unaniuma, kwa sababu swali moja tu lingemwokoa.

Wewe hukuulizwa swali hilo pia. Basi jiulizie. Na hapa ndipo narudi kwenye muujiza wako.

Watu wengi hudhani lenzi ya kawaida lazima ipangwe kwa kuona mbali, halafu karibu ununue miwani. Ndivyo hufanywa mara nyingi, lakini si sheria. Kabla ya upasuaji jicho hupimwa urefu wake na mzingo wa kioo chake cha mbele, kisha daktari anachagua lenzi ya nguvu fulani kulingana na mahali anapotaka uone. Anaweza kuchagua karibu. Kipimo chake kinaitwa dayopta. Jicho likiachwa na upungufu wa kuona mbali wa dayopta 2, linaona kwa ukali kitu kilicho sentimita 50 mbele yake. Likiachwa na 2.5, ni sentimita 40. Ukipangiwa hivyo utashona bila miwani, kwa mwanga wote, bila kugawa, halafu utavaa miwani ukienda stendi kusoma bango la matatu au ukikaa nyuma kanisani. Hayo ndiyo maisha uliyoishi miaka ile ya muujiza kabla ukungu haujazidi. Umeshayaonja, unajua kama yanakufaa. Mtu mwingine ningemweleza asubuhi nzima asielewe ninasema nini.

Kuna njia nyingine, jicho moja lipangwe mbali na jingine karibu. Wapo wanaoipenda sana, wapo inaowatia kizunguzungu, na kwa mtu anayekadiria mshono siku nzima mimi ningesitasita. Lakini uliza. Kwa kawaida jicho la pili hufanyiwa siku nyingine, kwa hiyo utapata nafasi ya kuona la kwanza limekaaje kazini kabla ya kuamua la pili.

Twende kwenye mambo ya kufanya. Kwanza sukari ishuke na itulie, hilo usilipe kisogo, na uombe retina ipigwe picha ya skani kabla ya upasuaji, si baada. Ukiona macho yanawasha au yanakauka, sema kabla ya kupimwa, kwa sababu jicho kavu hutoa vipimo vya uongo. Uliza ni upasuaji wa namna gani: ule wa kidonda kidogo cha milimita mbili au tatu wa kusaga lenzi kwa mashine, au ule wa kutoa lenzi nzima kwa mkono kupitia kidonda cha milimita sita au saba. Wote ni mzuri mikononi mwa anayeujua, na huo wa pili umewafungua macho maelfu huku kwetu, ila kidonda kikubwa huweza kupinda kioo cha mbele cha jicho kidogo zaidi. Uliza pia bima yako ya SHA inalipa nini na nini utatoa mfukoni, upewe kwa maandishi. Na ukiletewa matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho, usinunue. Hakuna tone linalomtoa.

Kutafuta daktari wa pili ni haki yako wala si tusi kwa wa kwanza. Lakini si lazima Nairobi. Hospitali ya macho ya Sabatia iko Vihiga, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nenda na faili, nenda na binti yako, asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Mwanao. Huyo kijana hajakosea kitu, Mama. Yuko mbali, mikono yake haikufikii, kwa hiyo anataka kilicho bora kabisa kikufikie. Ukimwambia "sitaki" atasikia kwamba mchango wake umekataliwa. Usimwandikie. Mrekodie sauti, akusikie. Mweleze habari ya sketi tatu, nadhani hajaijua. Mwambie retina ya mtu mwenye sukari inahitaji mwanga wote, na kwamba daktari alimfikiria mama yake, hakufikiria mfuko wake. Kisha mpe kazi ya pesa hiyo, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuchanga anataka kuona amekununulia kitu: ile skani ya retina, jicho la pili, miwani nzuri ya mbali iliyopimwa na si ya kuokota barabarani, na taa ya meza yenye shingo inayopinda, uiweke upande wa kushoto wa cherehani ili mkono wako wa kulia usitupe kivuli kwenye sindano. Mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake pia. Mwite kitinda mimba umwambie ng'ombe wabaki zizini.

Kisha fanya hili kabla ya siku ya kupimwa. Keti kwenye cherehani yako kama unavyoketi siku zote, usijinyooshe kwa ajili ya wageni. Mpe yule msichana tepu. Apime kutoka kwenye jicho lako hadi kwenye ncha ya sindano ya mashine. Kisha shika kitambaa mkononi kama unayeshona kifungo, apime tena. Mwambie aandike namba zote mbili kwenye karatasi, na siku hiyo iweke juu ya meza ya daktari kabla hajafungua faili.